Kibao cha Mbwa Mkali

Tulieni kidogo, akina mama. Na ninyi wa benchi la nyuma, mwacheni huyo mwenye kitenge kipya. Tutamsema pamoja tukitoka.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyeishi mlimani, kule ambako ukungu hushuka asubuhi mpaka migomba inafanana na watu waliosimama kimya wakikungoja. Mjane huyo alikuwa na wazo moja kichwani: nifuge mbwa, au nisifuge?

Ungemuuliza, angekwambia ni kwa ajili ya kuku wake wanaoibwa. Uongo mtupu! Sababu ilikuwa jirani yake, mwanamke wa maneno mengi, aliyeingia kila asubuhi bila hodi, akaketi jikoni, akanywa uji asioupika, akaeleza nani kagombana na nani na nani kaolewa kwa haraka gani. Mjane alisema amechoka naye. Lakini habari alizisikiliza mpaka mwisho, na palipokatika aliuliza.

Shemeji yake alikuwa na jike la mbwa lililozaa. "Shemeji, chagua mtoto mmoja kabla sijawagawa."

"Niache kwanza niwaze."

Akawaza. Mbwa akaanza kuja mawazoni: wa rangi ya majivu, sikio moja limesimama, jingine limelala. Akamwona kajilaza kando ya mafiga, anapumua taratibu kama chungu kinachokaribia kuchemka. Akampa na jina: Hayakuhusu. Mnawajua mbwa wa majina hayo. Anayeitwa ni mbwa, anayeambiwa ni jirani.

Ila mbwa anakula, akaona uvivu wa kumlisha. Basi jirani aliposafiri kwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, mjane akatafuta ubao na rangi, akaandika: HAPA KUNA MBWA MKALI. Akautundika langoni. Kibao kitangulie, akajisemea, mbwa atafuata.

Jamani, utulivu uliokuja! Muuza maziwa akawa anaacha chupa barabarani. Mwinjilisti akamwombea akiwa ng'ambo ya ua, jicho moja wazi. Kuku waliendelea kuibwa, maana mwizi hakupitia langoni. Lakini mjane alikaa kizingitini, ukungu ukiingia na kutoka kama mgeni asiye na maneno, naye akaona raha kama ya usingizi.

Siku zikapita. Uji ukawa unabaki. Asubuhi moja akajikuta anasema, "Umesikia, Hayakuhusu, eti yule binti wa kule juu..." Akageuka. Kando ya mafiga palikuwa na majivu tu.

Asubuhi hiyo hiyo, akitoka kumpa mbuzi majani, aliteleza kwenye jiwe lenye maji. Mguu ukateguka, hakuweza kuinuka. Akalala pale kwenye baridi, akasikia wanakwaya wakipita barabarani.

"Jamani, nisaidieni! Nimeanguka!"

"Pole, mama! Funga mbwa kwanza!"

"Sina mbwa!"

"Kibao kinasema unaye!"

"Ni kibao tu!"

"Mama, maumivu yamekuchanganya. Ngoja tukatafute wanaume wenye fimbo!"

Nyayo zikaondoka. Wanawake saba wanaojua kusoma! Ukungu ukamfunika. Akafumba macho, akamwona mbwa wake wa majivu anakuja na pumzi ya joto, akanyoosha mkono amshike shingo. Akashika ukungu.

Ndipo lango likalia. Bila hodi.

"We shoga! Nimerudi, mjukuu ni wa kiume, sura ya baba yake mtupu, masikini. Mbona umelala chini kama gunia?"

Ni yule jirani. Akavua kanga, akamfunga mguu, akamkokota hadi jikoni, akawasha moto, na mdomo haukutulia hata mara moja. Mjane akawa analia.

"Hukuogopa kile kibao?"

"Kibao kizuri! Mimi shule sikufika, unajua. Nilidhani umeandika Karibuni."

Sasa ndugu zangu, sisi tumeandika nini langoni? Ule uso unaouvaa ukienda kisimani, ili asikusemeshe mtu, ni nini kama si kibao? Yale majibu mafupi kwa mkwe wako, je? Wengine wetu mbwa mwenyewe hatuna; ndani kuna mtu na uji wake unapoa. Halafu tunapiga magoti, tunalalamika: Bwana, mbona hukumtuma mtu? Aliwatuma! Wakafika, wakasoma, wakarudi. Mpaka akamtuma yule asiyejua kusoma, yule yule ambaye ubao ulitundikwa kwa ajili yake.

Leo ukifika kwako, kabla hujaingia, simama nje ya lango lako mwenyewe. Usome.