Vijitu vya Stesheni ya Mzee Kapaya

Nimetumiwa hii na shemeji yangu, nikaisoma, nikaweka simu chini. Usiipite haraka, hasa wewe mwenzangu wa "nitafanya kesho".

Mzee Kapaya alikuwa stesheni masta huko reli ya kati. Alipostaafu akaijenga stesheni yake upya juu ya meza ya sebuleni: reli za waya, mabehewa ya makopo ya maziwa. Ikapendeza, lakini ilikuwa imepooza. Ndipo akaanza kuitilia watu wa nta na njiti za kiberiti, wadogo kuliko kidole.

Basi mzee akanogewa. Akamweka muuza mayai na ndoo yake. Akamweka mchukuzi mwenye shati lililochanika kwapani, abiria aliyesinzia juu ya magunia, na mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo. Majirani wakawa wanakuja kushangaa.

Mkewe, Bi Nyamizi, alikuwa na ombi moja tu.

"Baba Mihayo, niweke na mimi. Siku ile niliposhuka kwenye treni kuja kuolewa."

"Nitakuweka, mama. Wewe sitaki kukulipua, nataka nikutengeneze kwa utulivu."

Mama wa watu alikuwa na presha ya macho, na daktari alishasema macho yale yanakwenda kuzimika. Mzee alijua hilo. Jamani, alijua. Lakini kila akiombwa alikuwa na jambo: leo kamba ya mbuzi, kesho vifungo vya koti la mkata tiketi.

"Fanya haraka, naona ukungu tu," mama akamwambia.

"Namalizia kidogo," akajibu.

Alipokuja kumaliza kijitu cha mkewe, Bi Nyamizi alikuwa anapapasa ukuta kwenda jikoni.

Mzee akamshika mkono, akakiweka kidole chake juu ya mwanamke wa nta. "Huyu ndiye wewe. Kitenge cha njano, sanduku la bati mkononi. Katika wote hakuna aliyetoka vizuri kama wewe."

Mama akampapasa taratibu. Kisha akapapasa pembeni yake, kulia na kushoto.

"Na wewe uko wapi?"

Mzee akaitazama stesheni yake. Hakuwa amejitengeneza. Wala wazo hilo halikuwahi kumjia.

"Mimi sura yangu naijua," mama akasema. "Nilitaka kukuona wewe, ulivyoacha bendera kwenye benchi ukakimbia kunipokea sanduku, mbele ya abiria wote. Nilitaka nikuone vile mara moja tena kabla macho hayajafunga."

"Nitajitengeneza leo hii," mzee akasema, machozi yanamtoka.

"Jitengeneze, baba. Utanisimulia."

Funzo: Anayekuomba jambo dogo kila siku, mara nyingi anakutaka wewe mwenyewe. Mpe leo, wakati bado anaweza kulifurahia.