Unyayo wa Kuku Kwenye Picha

“Ulemo nzima, nani ana jicho kama hili?” Derick aliuliza, akijigonga chini ya nyusi kwa kidole. “Nikipiga picha mimi, hata jiwe linajiweka sawa.”

Vijana waliokuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu pale kijijini waliangua kicheko. Derick alikuwa na ulimi mwepesi kama pia inayozunguka, na kwa ulimi huo alikwisha kuuza maneno mengi ambayo hakuwa nayo ghalani. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Mwongo huondoka kwa mbio na mbwembwe, lakini hafiki mbali kabla ya kukutana uso kwa uso na ukweli alioukimbia.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu: Derick alikuwa na simu nzuri, ila jicho hakuwa nalo. Jicho lilikuwa la Jesca, binti wa marehemu baba yake mdogo. Jesca alikuwa amemaliza kidato cha nne, na sasa alilima alizeti na mama yake katika shamba la baba yake Derick. Kila jioni aliazima simu ya Derick kwa nusu saa, naye alilipa kwa kumfulia mashati. Kisha alikwenda kwenye misonobari nyuma ya kanisa, akalala kifudifudi kama mgambo mafunzoni, akapiga picha za vitu ambavyo wengine walivikanyaga: siafu aliyebeba bawa, ukungu kwenye gome, na hasa yale matunda makavu ya misonobari, ambayo watoto wa pale waliyaita vinanasi kwa jinsi magamba yake yalivyopangana.

“Wenzako wanapiga picha harusi, wewe unapiga kuni,” Derick alimtania siku moja.

“Kaka, hebu vitazame vizuri. Hakuna magamba mawili yanayofanana.”

“Nitazame kuni? Kwani mimi sufuria?”

Likatangazwa shindano la picha za vitu vidogo vya asili. Mshindi angepata kamera na mwaka mzima wa kusomea upigaji picha bila ada. Jesca hakulala. Alichagua picha moja, kinanasi kilichosimama peke yake huku jua likipenya katikati ya magamba, akamsihi Derick aitume, maana fomu ilijazwa kwa simu.

Derick aliijaza. Palipotakiwa jina, kidole chake kilisita kidogo, kisha kikaandika Derick. “Simu yangu, bando langu. Picha itakuwa ya nani?” alijiuliza, akajijibu mwenyewe. Kwa Jesca alisema tu, “Nimetuma. Tumwachie Mungu.”

Mungu hakukawia. Waamuzi wawili walifika Ulemo kukabidhi zawadi kwenye uwanja wa kanisa, wakasimamisha ile picha ikiwa imekuzwa mpaka ikalingana na mlango. Jesca alipoiona alishika kifua kwa furaha. Lilipotajwa jina la mshindi, likawa la Derick, mkono ukateleza ukaanguka wenyewe. Derick alipompita kuelekea mbele alimnong’oneza, “Kamera tutaitumia wote. Kumbuka mnalima shamba la nani.”

Jesca akainamisha kichwa.

“Tueleze, uliipataje?” aliuliza mwamuzi mkuu, mama mmoja aliyeitwa Kristina.

“Nilipanda mlimani alfajiri,” Derick alisema kwa sauti ya mtu wa redioni. “Nikakikuta juu ya jabali. Nikausubiri mwanga saa tatu nzima, mama, mpaka miguu ikafa ganzi.”

“Na hii alama ndogo hapa pembeni, kama mshale?”

Derick hakuwahi kuiona. “Hiyo? Ni ufa wa jabali. Una miaka elfu na elfu. Ndio ulionivutia.”

Watu wakapiga makofi. Bibi Agripina, mfagiaji wa kanisa, hakupiga. Aliinuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa.

“Shikamoo, bibi,” Derick alisema upesi, akitumaini salamu ingemkalisha.

“Marahaba. Jabali lako hilo hukanyagwa na kuku?”

Kicheko kikapasuka. Bibi Agripina hakucheka.

“Hili ni kaburi la mume wangu, mzee Simeoni. Siku fundi anamalizia saruji, tetea wangu alipita ikiwa bado mbichi. Fundi alitaka kusawazisha, nikamkatalia. Marehemu alimpenda yule kuku kuliko baadhi yenu hapa. Kinanasi nilikiweka kwa mkono wangu, baada ya binti huyu kuniomba ruhusa: ‘Bibi, jua la hapa kwa babu ni zuri.’ Wewe umefika lini pale? Hata siku ya mazishi ulikuwa unachekesha watu kwenye foleni ya wali.”

Waamuzi walizunguka nyuma ya kanisa, kundi zima likiwafuata. Pale kwenye saruji, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, unyayo ulikuwa ukingoja.

“Fomu ya uongo inafutwa,” Mama Kristina alisema taratibu. “Zawadi inakwenda kwa mshindi wa pili, anayetoka kijiji cha Kintinku.”

“Na huyu binti?” Bibi Agripina aliuliza.

“Jina lake halikuletwa, bibi. Na muda wa kuleta umepita.”

Kamera ikarudishwa kwenye boksi. Watu wakatawanyika kama wanaotoka msibani. Derick alinyoosha simu. “Jesca, ichukue. Iwe yako kabisa.”

Jesca hakuinua mkono. “Baki nayo, kaka. Picha zangu zote zimo humo. Siku moja zitazame vizuri.”

Akaenda zake shambani. Kutoka pale Derick aliposimama na kudanganya mpaka kaburini kwa mzee Simeoni zilikuwa hatua ishirini tu. Alizihesabu akirudi peke yake, akakiri moyoni kuwa kweli, njia ya mwongo ni fupi.