Fisi Achagua Fungu Kubwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na njaa!

Basi njaa hiyo si yenu, ni ya Fisi. Kaeni vizuri!

Fisi alibisha hodi kwa Pimbi, kile kinyama kidogo cha miambani. Pimbi alikuwa na wanawe. Toka mlangoni kwake, ngazi ya mawe ilipanda hadi pangoni walikolala watoto, na ngazi ya mti ilishuka shimoni.

"Nishushie watoto, niwale!"

Moyo wa Pimbi, pu! pu! pu! Lakini mdomo ukacheka.

"Karibu, mgeni wangu! Tucheze kwanza. Hapa mlangoni ni sifuri. Kunde nyeupe, unapanda kidato kimoja. Kunde nyeusi, unashuka kimoja. Atakayeishia juu ndiye mshindi. Ukishinda, unakula wanangu, unanimalizia na mimi."

"Na wewe pia?" Mate ya Fisi, cho! cho! cho!

Pimbi akaleta ungo wenye mafungu mawili. "Mgeni huchagua kwanza."

"Kubwa! Nipe kubwa!"

Pimbi akabaki na dogo: nyeupe tatu, nyeusi moja. Akapanda, ti! ti! ti! Akashuka, ti! Akasimama kidato cha pili.

La Fisi: nyeupe nne, nyeusi tisa. Akapanda, du! du! du! du! Akampita Pimbi! Watoto wakayaona meno, wakapiga yowe.

"Na nyeusi, bwana mkubwa," Pimbi akasema.

Fisi akashuka, du! du! du! du! Akafika sifuri.

"Zimekwisha?"

"Zimebaki tano."

Akateremka ngazi ya mti, du! du! du! du! du! Akakanyaga chini kabisa shimoni.

"Wewe mbili, mimi tano! Tano ni nyingi! Nimeshinda!" Akaanza kucheza ngoma huko huko.

"Tano kweli, ila ni za chini ya sifuri!" Pimbi akaruka, wanawe wakaja mbio, wakaivuta ngazi ya mti, nyee! nyee! nyee! Ikatoka yote.

"Pimbi! Nitapandaje?"

"Kwa kunde nyeupe, mgeni wangu. Umebakiwa na ngapi?"

Fisi akapekua fungu lake kubwa. Hakuona hata moja.

Ngano imekata pumzi, aliyeisikia aende nayo kwao. Na funzo lake, watoto, ni ukarimu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akija, mpeni fungu kubwa!