Refa Alipomuuliza Nahodha

Ukiwa na timu mkononi, hata ya watoto wa mtaani, soma hii mpaka mwisho halafu umpe na mwenzako.

Timu ya raga ya Bondeni ilikuwa kwenye fainali, ikiongoza kwa pointi mbili, zimebaki dakika kumi na mbili. Miaka tisa haikuwa imeshika kombe. Nguvu yake yote ilikuwa skramu, pale wanane wanapoinamiana na wanane wakasukumana, na nahodha Shikanda mwenyewe alisimama mstari wa mbele.

Ndipo mwenzake wa mstari huo akateguka bega, na wa akiba alikuwa ameshaumia. Kocha Mudibo akamwita Lidonde, kijana mwepesi wa kukimbia pembeni, ambaye hajawahi kuingiza kichwa kwenye skramu hata siku moja.

Kanuni zilikuwa wazi. Mstari wa mbele ni wa waliofunzwa tu, maana skramu ikiporomoka, shingo ndiyo inayovunjika. Timu iliyokosa mtu wa hivyo inacheza pungufu, kumi na wanne badala ya kumi na watano, na skramu zinakuwa za kuinama tu, bila kusukumana.

"Refa atakuuliza," kocha akamnong'oneza Shikanda. "Sema amefunzwa. Ni dakika kumi na mbili tu, bwana. Usituangushe."

Shikanda alimtazama Lidonde. Kijana alikuwa akijikaza kisabuni, lakini midomo ilikuwa imemkauka. Shikanda aliogopa. Aliogopa kombe kuwaponyoka, na aliwaogopa mashabiki wa Bondeni, ambao hawana dogo.

Refa akaja. "Nahodha, huyu amefunzwa mstari wa mbele?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tutacheza kumi na wanne."

Kocha akatupa kofia chini. Bondeni walipigana kufa na kupona, lakini pungufu ni pungufu. Walifungwa dakika ya mwisho. Kabla wachezaji hawajavua hata viatu, Mudibo alimnyang'anya Shikanda unahodha mbele ya wote.

Shikanda alikaa nyasini peke yake, moyo ukimuuma kweli. Akaja Kirwa, jamaa aliyeingia mstari wa mbele wa wapinzani baada ya mapumziko.

"Nimekuja kukushukuru, kapteni."

"Kwa kuwaachia kombe?"

"Kwa shingo yangu. Hata mimi sijafunzwa. Refa alimuuliza nahodha wetu swali hilohilo, akajibu ndiyo. Skramu ya mwisho ilinikunja mpaka mikono ikafa ganzi. Nilijua ikija nyingine siinuki. Halafu wewe ukasema hapana, kusukumana kukaisha."

Aliyekuwa akimkunja muda wote ule ni Shikanda mwenyewe, akidhani amepata mpinzani dhaifu.

Akasimama, akamshika mkono. "Twende kwa daktari," akasema. "Tukitoka hapo, twende kwa refa, umwambie ulichoniambia."

Funzo: Sema ukweli kuhusu hatari hata kama utakunyima ushindi, kwa sababu hujui ni shingo ya nani inayoungoja ukweli wako.