Kijiji Kilichojitoa

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa nyanya. Kijiji chake na vijiji vya bondeni vilikuwa na umoja wa soko. Mali ya huku ilipita kule bila ushuru, na kila kijiji kilichangia kulitunza soko. Nyanya zake zikiondoka asubuhi, jioni anarudi na unga na mafuta. Alikula chungu kimoja na mwanawe na mkwewe, na chungu hicho kilisimama kwa nyanya hizo.

Siku moja mwenyekiti akaitisha mkutano. "Ndugu zangu, tunachangia kingi kuliko tunachopata! Mahindi yao yamejaa kwetu, na siku ya soko wanatupangia wao. Sisi watoto? Tujitoe!"

Na hakusema uongo. Mahindi ya bondeni yalikuwa yameua bei, na barabara ya kijiji ilikuwa mashimo matupu. Yule mama hakubishia hayo. Aliuliza tu, "Mwenyekiti, na nyanya tutamuuzia nani? Hapa kila mtu analima nyanya."

"Watazifuata wenyewe, mama! Watakula mchuzi mweupe mpaka lini?"

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Bibi Nyanya, siku hizi waziri wa fedha?" Kicheko kikazidi. Mama akaona haya, akakaa. Na wakati wa kupiga kura ulipofika, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha mkono na yeye.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu kwao neno kujitoa lilikuwa la kanisani. Aliyejitoa ni yule aliyebeba mawe ya kujengea kanisa, yule aliyemuuguza mgonjwa asiye wake. Nani angependa kuonekana hakujitoa?

Basi wakajitoa. Vigelegele mpaka usiku.

Nyanya zilipoiva, mama akakuta kamba imevutwa barabarani kuingia bondeni. Mlinzi alikuwa kijana aliyewahi kuimba naye kwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie nipite."

"Siwezi, mama. Wageni wanalipa ushuru kwanza."

"Leo mimi mgeni?"

"Mama, si mimi niliyekuita hivyo. Mlijiita wenyewe."

Ushuru ulikuwa mkubwa kuliko bei ya nyanya zenyewe. Akageuza. Na nyanya haingoji watu wamalize kubishana. Zikaanza kutoa maji ndani ya matenga, nzi wakajaa. Watu wa bondeni hawakuzifuata, walinunua kwingine. Mwenyekiti akapita na kipaza sauti akihimiza uvumilivu. Yeye alifuga ng'ombe, na maziwa yake yalinywewa hapo hapo kijijini.

Mama alimwaga tenga la mwisho, akarudi nyumbani mikono mitupu. Uani akakuta mafiga mapya, na chungu kingine juu yake.

"Mama, usikasirike," mkwewe akasema. "Tumekaa na mume wangu tukatazama. Tunachangia kingi kuliko tunachopata. Na sisi tumejitoa."

Mwanawe alikuwa ameinama anapuliza moto. Hakuinua uso. Mama akakaa kando ya mafiga yake ya zamani. Angesema nini, naye alinyoosha mkono?

Sasa sisi. Tunabishana vijiweni, tunabishana redioni: tubaki katika umoja na majirani zetu, au tutoke. Sikuja kuwaambia tubaki. Umoja unaweza kuonea watu, na anayeonewa ana haki ya kuondoka. Ninachouliza ni hiki: tunaposema itatuuma kidogo, ni nani hasa tunayemtoa akaumie? Je, yumo mkutanoni? Alipouliza, tulimjibu au tulimcheka?

Bwana wetu alijitoa, na aliyeumia alikuwa yeye mwenyewe. Sisi tunamtoa mjane, halafu tunapiga vigelegele kwamba tumejitoa. Neno takatifu tumelivalisha nguo ya ubinafsi wetu, na tumezoea, hata watoto wetu wameshajifunza kulisema wakiwa jikoni.

Jioni hii, jirani na nyumba yako, kuna mtu anakula peke yake kwa sababu ya uamuzi tulioushangilia. Usimhubirie uvumilivu. Mpelekee sahani, ukae, ule naye. Na kama hilo ni zito kwako, basi walau nyamaza, usimwambie Mungu kwamba ulijitoa.