Tatu na Kivuli cha Saa Kumi

Nabisha hodi, nimebeba hadithi!

*Karibu, ingia nayo!*

Niitue hapa?

*Itue, tuionje!*

Zamani, zamani za zamani sana, wanyama wakisema kama mimi na nyinyi, na saa ya ukutani haijatundikwa popote, aliishi Bi Ngiri na watoto wake watatu. Wa kwanza dume, jina lake Mosi. Wa pili jike, jina lake Pili. Kitinda mimba, jike pia, akaitwa Tatu.

Na huyo Tatu, wanangu, ndiye mwenye hadithi. Jina lake la hesabu, lakini hesabu zenyewe hazikukaa kichwani. Ukimwuliza, "Baada ya tano inakuja ngapi?" atakujibu, "Inakuja nyingine."

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalibaki katika bwawa moja tu, tena mbali, na wanyama wakapatana. Mchana bwawa ni la walao majani. Jua likizama, saa kumi na mbili ya jioni, bwawa ni la Chui. Atakayekutwa pale baada ya hapo, asimlaumu mtu.

Kila siku Bi Ngiri aliwapeleka watoto bwawani akawarudisha. Habari ya saa hawakuijua. Saa yao ilikuwa mama. Mama akisema "Twende," wanainua mikia juu, huyoo, wanamfuata.

Siku moja Bi Ngiri akakanyaga mwiba wa mgunga. Mwiba ukazama katikati ya kwato, mguu ukavimba kama boga. Kesho yake akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Mara ya tatu hakujaribu. Alilala akiwatazama wanawe walivyokauka midomo.

"Mtakwenda wenyewe," akasema. "Lakini hatoki mtu hapa mpaka ajue saa."

Akawasimamisha juani.

"Tazameni chini. Hicho ni kivuli. Saa sita ya mchana kinajificha chini ya tumbo. Halafu kinatoka, kinarefuka, kinarefuka. Kikilingana na wewe mwenyewe, hiyo ni saa tisa. Kikiwa karibu mara mbili yako, ni saa kumi. Kikiwa karibu mara nne yako, ni saa kumi na moja, na hicho sitaki kusikia mmekiona mkiwa bado bwawani."

Mosi akaelewa. Pili akaelewa. Tatu alikuwa anakifukuza kivuli chake, anataka kukikanyaga kichwa.

"Haya, Chui anafika saa kumi na mbili," akaendelea Bi Ngiri. "Kutoka bwawani mpaka hapa ni mwendo wa saa moja. Mtaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja!" akasema Mosi.

"Kwa miguu yangu, sawa. Kwa miguu yenu inayosimama kila ikiona kipepeo, toa saa nyingine."

"Saa kumi," akasema Pili.

"Saa kumi. Tatu, umesikia?"

Tatu akainama. Machozi yakamlengalenga. "Nimesikia, mama. Ila hazikai."

Bi Ngiri hakumgombeza. Alijilaza ubavu, akasema, "Njoo hapa, mama."

Kiangazi kilikuwa kimemla nyama, mbavu zote zinaonekana. "Huu hapa karibu na bega ni saa moja," akasema. "Leta pua yako. Twende."

Tatu akagusa ubavu wa kwanza. "Saa moja." Akagusa wa pili. "Saa mbili." Alipofika wa tisa, Bi Ngiri akatekenyeka, akacheka, mbavu zote zikatikisika, hesabu ikapotea. Wakaanza upya. Ikapotea tena. Wakaanza upya. Mara ya tatu Tatu akafika saa kumi na mbili.

"Sasa geuka," akasema mama. "Chui yuko hapo kumi na mbili. Mkimbie. Rudi ubavu mmoja kwa njia, mmoja kwa vipepeo. Umesimama wapi?"

Tatu akarudi mmoja. Akarudi wa pili. "Saa kumi, mama! Ubavu wa saa kumi!"

"Basi hapo ndipo roho yangu ilipo. Usipapite."

Wakaenda.

Walipofika bwawani kivuli kilikuwa cha saa nane. Wakanywa. Wakalizunguka bwawa wakila majani ya ukingoni, na walipomaliza kulizunguka kivuli kikawa cha saa tisa. Wakalizunguka tena, kikawa cha saa kumi. Tatu akaliona hilo, akaliweka moyoni.

Basi pale bwawani alikuwapo Mbweha, amejipenyeza kati ya walao majani. Mbweha hakuthubutu kupambana na ngiri watatu kwa pamoja, lakini alikuwa amemwahidi Chui: "Mimi nitawachelewesha, wewe utawakamata, mifupa uniachie." Akawajia anatabasamu.

"Shikamoo, Mjomba," wakasema watoto.

"Marahaba, wajomba zangu. Mbona mnajikusanya kuondoka? Bado mapema! Ndiyo kwanza saa nane."

Mosi akasita. Mtu mzima amesema. Pili naye akasita. Tatu akatazama chini, akaona kivuli chake karibu mara mbili yake.

"Hii saa kumi, Mjomba," akasema. "Kwaheri."

Mikia juu, huyoo, nyumbani.

Siku ya pili Mbweha akabadilisha maneno. Hakusema habari ya saa kabisa. "Jua kali, wajomba zangu. Njooni huku kichakani, kuna mizizi mitamu."

Kichaka kilikuwa kizito, jua halipenyi. Wakachimba, wakatafuna, wakachimba, wakatafuna. Mizizi mitamu kweli! Tatu akageuka kutazama kivuli chake, hakukiona. Moyo ukamlipuka. Akatoka mbio mpaka juani, akatazama chini. Kivuli kilikuwa kirefu, kirefu, karibu mara nne yake.

"Saa kumi na moja!" akapiga kelele. "Mosi! Pili! Imebaki saa moja, na njia ni saa moja! Leo hakuna vipepeo!"

Wakakimbia. Mosi akajikwaa, akainuka. Pili akalia huku anakimbia. Walifika nyumbani jua linazama. Bi Ngiri alikuwa mlangoni mwa shimo. Aliwagusa kwa pua, mmoja, wa pili, wa tatu, kisha akarudia tena kuwagusa.

Siku ya tatu walitoka nyumbani saa saba, jua linaonekana. Wakiwa njiani mawingu yakaja, yakafunga mbingu kama kifuniko cha chungu. Walipofika bwawani, hakuna jua, hakuna kivuli.

Mbweha akacheka mpaka akalala chini. "Leo hakuna saa, wajomba zangu! Jua limelala, na sisi tulale. Kunyweni, kuleni, chezeni."

Wakanywa. Wakalizunguka bwawa wakila. Wakalizunguka tena. Mosi akatazama chini, akasema, "Mimi leo sijui." Pili akatazama juu, akasema, "Hata mimi." Wakamtazama Tatu.

Tatu alifumba macho. Akainyoosha pua mbele, kana kwamba ubavu wa mama uko pale.

"Tulitoka nyumbani saa saba," akasema polepole, akasogeza pua. "Njia ni saa moja. Tumefika saa nane." Akasogeza pua. "Tumelizunguka bwawa mara ya kwanza, saa tisa. Tumelizunguka mara ya pili..." Akafumbua macho. "Saa kumi. Twendeni."

"Saa kumi ya wapi!" akasema Mbweha. "Nakwambia ni saa nane! Umekiona kivuli wewe?"

"Sijakiona, Mjomba. Nimehesabu."

"Saa nane! Bado mapema!"

"Kama ni saa nane, Mjomba, basi una bahati, utapumzika sana. Kwaheri."

Wakaondoka. Mbweha akabaki peke yake, amenuna. "Saa nane," akajiambia. "Watachoka njiani, watarudi. Bado mapema." Akaona usingizi mtamu, akajilaza ukingoni. Alikuwa amedanganya watu habari ya saa mpaka mwenyewe hajui tena ilikuwa ngapi, na siku hiyo hapakuwa na kivuli cha kumwambia ukweli.

Akalala. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na mbili ikafika, na Chui naye.

"Wako wapi?" Chui akauliza.

Mbweha akashtuka. "Mbona umekuja mapema?"

"Mapema?" akasema Chui. "Siku tatu unaniahidi ngiri, siku tatu nalala na njaa, na mimi ndiye niliyekuja mapema?" Akamrukia. Mbweha akaponyoka, lakini ncha ya mkia ilibaki mdomoni mwa Chui. Ndiyo maana mpaka leo mbweha akinywa maji hupiga funda moja, akageuka nyuma, akapiga jingine, akageuka tena.

Watoto huku wako njiani. Mvua ikaanza, tone moja, matone mawili, kisha ikamwagika. Walipofika nusu ya njia wakaona kitu kinakuja kinachechemea kwenye matope.

"Mama!" Tatu akapiga ukelele. "Mguu wako!"

"Niliona mbingu zimefunga," akasema Bi Ngiri, anahema. "Nikasema leo wanangu hawana saa. Nikaja kuwa saa yenu."

Tatu akamtazama mama yake, amelowa, ameinua mguu mmoja.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Na sasa ni saa kumi na nusu. Nusu ya njia imekula saa mbili na nusu. Nusu iliyobaki ingekula nyingine mbili na nusu." Tatu akahesabu bila kumgusa mtu ubavu. "Ungefika saa moja ya usiku, mama. Ungemkuta Chui."

Bi Ngiri akakaa chini kwenye matope. Akacheka, akalia, akacheka tena. "Haya, bibi hesabu," akasema. "Nisaidieni kusimama, na mnipeleke nyumbani."

Mosi akamtegemeza kulia, Pili kushoto. Tatu akatangulia mbele, akiangalia penye miba wapaepuke. Kwa kuwaegemea wanawe Bi Ngiri alikwenda upesi mara mbili kuliko alivyokuja peke yake, na hakuna aliyeharakishwa, kwa sababu saa zilikuwa zimewabakia za kutosha.

Wanangu, hadithi hii inatufundisha tujue saa na tujue kuihesabu. Mtu akikuambia "bado mapema," mshukuru, kisha utazame mwenyewe. Usipoona pa kutazama, hesabu. Na mtoto asiyeelewa leo, msimcheke. Mtafutieni njia yake ya kuelewa.

Nimeitua, nimeifungua, mmeionja. Palipowakolea utamu, gawaneni. Palipopungua chumvi, nirudishieni mwenyewe.