Pimbi Aliyeliziba Gari Mdomo

Paukwa?
Pakawa!
Nikiwapikia uongo?
Tutaula na ukoko wake!

Basi hapo kale Pimbi alikuwa na gereji chini ya jabali, kando ya chemchemi. Kila gari lililochemsha lilipelekwa kwake kutiwa maji, naye akalisha wanawe. Kiboko, ambaye mto mzima ulikuwa wake, akaitamani na chemchemi. Akaamuru washindane: kila mmoja apewe kibaba kimoja cha petroli, na gari litakalofika mbali zaidi, mwenyewe achukue chemchemi.

Pimbi aliogopa, tena sana. Gari lake lilikuwa kuukuu. Akaketi mbele yake, akalitazama siku nzima. Akaona matundu ya mbele ni mengi, upepo unaingia ovyo, unazurura kwenye injini na kulivuta gari nyuma. Akachukua bati, akaziba. Akaacha upenyo wa kiganja kimoja tu, akaupigia mfereji wa bati hadi kwenye rejeta, upepo ukishaingia upoze maji, kisha utoke zake chini.

Kiboko akapita, akauliza mbona gari limezibwa mdomo.

"Upepo ni mzigo, Mzee," Pimbi akasema. "Likimeza kidogo, linabeba kidogo."

Kiboko akacheka mpaka mto ukachafuka. Kwao viboko, heshima ni kupanua kinywa. Mwenye kinywa kikubwa ndiye mkubwa wa dimbwi.

Pimbi akainamisha kichwa. "Hata hivyo, Mzee, gari la mtu kama wewe lingependeza kuwa na kinywa kama chako."

Kiboko akaenda, akakata bati la mbele. Mdomo ukapanuka. Akaona bado. Akakata tena. Mdomo ukapanuka. Akaona bado. Akakata tena, akapachika rejeta tatu, akaridhika.

Siku ya siku, Bi Kobe, msimamizi, akawapimia petroli tone kwa tone. Wakang'oa nanga. Kiboko mbele, vuuum! Upepo ukaingia kinywani, fuuu, ukalivuta gari nyuma. Akakanyaga mafuta. Fuuu. Akakanyaga zaidi. Fuuu. Kilima cha kwanza: tuku, tuku, tu. Kimya. Petroli kwisha.

Pimbi akaja polepole, tiriri, tiriri. Akampita. Akapanda kilima cha kwanza, tiriri, cha pili, tiriri, na cha tatu, na maji ya rejeta hayakuchemka. Alifurahi hata akampigia honi nyani asiyemjua.

Pimbi aliporudi, Kiboko akalalamika kwamba amedanganywa.

"Nilikwambia kweli, Mzee, nikaitia sifa kidogo. Wewe ukala sifa, ukaitema kweli."

Kiboko akasukuma gari lake juani mpaka gerejini, akaomba maji ya kunywa, kwa mdomo mdogo sana.

Ngano yangu imefika. Utamu bakini nao, uongo nirudishieni. Na fundisho lake, wanangu: wasikilizeni wenye midomo mikubwa, maana hao ndio hufika mbali. Anayebisha akamuulize Kiboko.